Walitucheka kwa Ajili ya Jina la Kristu





Katika siku za Yubile ni desturi njema kuhesabu ubatizo na ndoa, kutaja majengo yaliyosimamishwa, na kuwakumbuka wale waliotutangulia katika imani. Kurasa nyingine za kitabu hiki zinafanya kazi hiyo. Kurasa hizi zinahusu jambo lisiloandikwa katika daftari za parokia, ingawa kila kizazi cha wakristo kimelionja: kuchekwa na kutoeleweka kwa sababu ya imani.

Vijana wetu wanalijua jambo hili. Kijana anayekwenda Misa ya asubuhi anaulizwa na wenzake kama anataka kuwa padri. Binti anayetaka kungojea ndoa anaitwa mshamba. Mwalimu wa dini anaambiwa kwamba anafundisha hadithi za wazungu. Nao wanatuuliza sisi walimu wao: tujibu nini? Kabla ya kuwajibu, inafaa kuitazama historia ya Kanisa, kwanza ya mbali, kisha ya inchi yetu, mwishoni ya mji wetu wa Bunia. Maana si kila kicheko ni kimoja. Kuna anayetucheka kwa kuwa hajui. Kuna anayetucheka kwa kuwa anataka tumpigie magoti. Tena kuna anayetucheka kwa haki, kwa kuwa matendo yetu yamekana maneno yetu. Anayewajibu hawa wote watatu kwa namna moja atakosea mara mbili.

I. WASIOJUA

Mwanafunzi hapiti mwalimu wake. Bwana wetu mwenyewe alivikwa taji ya miiba na joho la kifalme ili askari wapate kucheka. Siku ya Pentekoste Mitume walidhaniwa kuwa walevi, na Mtume Petro aliwajibu kwa utulivu kwamba ilikuwa bado saa tatu ya asubuhi. Mtume Paulo alipotaja ufufuko wa wafu kule Atene, wenye elimu walimdhihaki, lakini wengine walitaka kumsikia tena.

Katika mwaka 1857, juu ya kilima cha Palatino mjini Roma, ulichimbuliwa ukuta wa kale wenye picha iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma. Picha yenyewe inaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na chini yake kijana amesimama akiinua mkono. Maneno ya Kigiriki yanaeleza kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Wataalamu wengi wanaiweka picha hiyo katika karne ya 2 au ya 3. Basi, mojawapo ya picha za zamani kabisa za Msalaba ambazo dunia imehifadhi ni picha ya mzaha. Katika chumba cha jirani yalionekana baadaye maneno mengine mawili, ya Kilatini: Alexamenos fidelis, ndiyo kusema Alexamenos mwaminifu. Kama ni yeye mwenyewe aliyeyaandika, basi alijibu kwa neno moja tu, nalo linatosha.

Katika karne hizo wakristo walisemwa kwamba wanakula nyama ya watu, kwa sababu wapagani walisikia habari ya Mwili na Damu katika Ekaristi wasielewe. Waliitwa pia watu wasio na Mungu, kwa sababu hawakuwa na sanamu za miungu ya Roma. Mtakatifu Yustino alifanya nini? Karibu na mwaka 155 alimwandikia Kaisari Antonino Pio kitabu cha kuwatetea ndugu zake. Hakuwatukana wapagani wote. Alieleza wazi namna wakristo wanavyobatiza, wanavyokusanyika siku ya Jua, wanavyosoma maandiko ya Mitume na manabii, wanavyoleta mkate na divai, na wanavyowasaidia yatima na wajane. Alifungua mlango wa nyumba ili jirani aone ndani. Tertuliano, Mwafrika wa Kartago, alifanya vivyo hivyo mwaka 197, ingawa ulimi wake ulikuwa mkali zaidi.

Yustino aliuawa mjini Roma karibu na mwaka 165. Maelezo yake hayakumwokoa na upanga, lakini yamebaki mpaka leo, na kila anayetaka kujua namna wakristo wa kwanza walivyosherehekea Misa anayasoma. Hilo ndilo jibu kwa asiyejua: kumweleza, kwa upole na heshima, kama anavyotuagiza Mtume Petro katika barua yake ya kwanza, sura ya 3.

Hata katika Ituri yetu kutoelewa huko kulikuwako tangu mwanzo. Ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda aliyefika Mboga mwaka 1896. Mafundisho yake yalimchukiza Chifu Tabaro, na watu wakakatazwa kumwuzia chakula. Dada ya chifu alipokufa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa majanini, Apolo alishtakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Alifungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Ukweli ulipoonekana alifunguliwa. Naye, badala ya kurudi kwao Buganda, alirudi Mboga kwa watu wale wale. Chifu Tabaro mwenyewe akabatizwa baadaye. Apolo alifariki Mboga mwaka 1933, akazikwa, kwa mapenzi yake, kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori kubwa ambako Injili ilikuwa bado haijaenea. Sisi wakatoliki hatuoni haya kujifunza kwa ndugu huyu. Aliyesingiziwa alirudi kwa waliomsingizia.

II. «DINI YA WAZUNGU»

Neno linalorudiwa mara nyingi zaidi kati ya vijana wetu ni hili: dini hii ni ya wazungu, waliileta ili kututawala. Hatuwezi kusema kwamba neno hilo halina chembe ya ukweli. Wamisionere wengi walifika pamoja na utawala wa Wabeljiki, na pengine watu hawakuweza kutofautisha msalaba na bendera. Lakini atakayelisema neno hilo mpaka mwisho, amkute kwanza njiani Mwenyeheri Isidore Bakanja.

Bakanja alikuwa fundi mwashi kijana wa Equateur. Alibatizwa Mbandaka tarehe 6 Mei 1906, akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Karmeli. Kisha akaajiriwa kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni ya mpira na pembe za ndovu, wakaenda kukaa Ikili. Msimamizi wa mashamba ya huko, Mbeljiki Van Cauter, aliwachukia mapadri na kuwadhihaki wakristo. Aliogopa kwamba watu wakifundishwa kusali hawatafanya kazi tena. Alimwamuru Bakanja kuivua skapulari. Bakanja alikataa. Mwanzoni mwa 1909 alipigwa viboko zaidi ya mia, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka kwa miezi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mapadri waliomtembelea walimwomba asamehe. Aliwajibu kwamba amekwisha kusamehe, na kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana yule aliyempiga. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Ndugu msomaji, tazama vizuri nani alikuwa upande gani. Mzungu alikuwa na mjeledi. Mkongo alikuwa na sala. Mzungu alisema Injili haifai kwa watu weusi. Mkongo alisema ni yake, akaifia. Kama dini hii ingekuwa mali ya wazungu, Van Cauter asingekuwa na sababu ya kuogopa kipande kidogo cha kitambaa shingoni mwa mtumishi.

III. MIAKA YA «AUTHENTICITÉ»

Sasa tufike kwenye wakati ambao wazee wetu wanaukumbuka wenyewe. Katika Oktoba 1971 inchi yetu ilibadilishwa jina, ikaitwa Zaïre. Raisi Mobutu alitangaza siasa ya kurudi kwenye asili, iliyojulikana kwa jina la Authenticité. Mwanzoni mwa 1972 aliacha majina yake ya Joseph-Désiré, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya kigeni. Wakristo waliobatizwa Petro au Maria walionekana kama watumwa waliovaa chapa ya bwana wao. Padri ambaye angempa mtoto jina la kigeni katika ubatizo alitishwa kwa kifungo cha miaka 5.

Kardinali Yosefu Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga hadharani. Gazeti la kikatoliki Afrique chrétienne, lililouliza kama mwafrika wa leo anaweza kujipata kwa kurudi nyuma tu, lilifungwa kwa muda. Kardinali alinyang'anywa nyumba yake, ikapewa vijana wa Chama, naye akaondoka kwenda Roma katika Februari 1972. Alirudi mwaka ule ule. Jambo la kushangaza ni kwamba aliyeitwa kibaraka wa wazungu ndiye aliyeomba, tangu alipowekwa kuwa Askofu mwaka 1959, Kanisa la Kikongo katika inchi ya Kikongo. Waliomcheka hawakumsoma.

Shida ziliendelea. Vyama vya vijana wakatoliki vilikatazwa, vijana wote wakatakiwa kuingia katika vijana wa Chama, na matawi ya Chama yalidaiwa hata ndani ya seminari. Magazeti ya dini yalisimamishwa mwaka 1973. Katika 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za kupumzika, shule za misioni zilichukuliwa na Serikali, na badala ya somo la dini likawekwa somo la siasa ya Chama. Misalaba iliondolewa katika majumba ya Serikali na picha ya Raisi ikabaki peke yake. Mwishoni mwa mwaka ule waziri mmoja alisema waziwazi kwamba Mobutu ndiye nabii na masiya, na kwamba Chama ndicho kanisa.

Hapo kicheko kilikuwa kimegeuka. Hakikuwa tena kicheko cha asiyejua, bali cha anayetaka kuabudiwa. Maaskofu wetu walifanya nini? Walifanya kama mama anayepepeta mchele katika ungo: hatupi vyote, wala hapiki vyote.

Kwanza walitenga neno la haki lililokuwa ndani ya dhihaka. Je, mtoto wa Kiafrika hawezi kuwa mtakatifu kwa jina la babu yake? Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la kikristo. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe kinyume cha roho ya kikristo. Hata katika liturjia kazi iliyoanzwa kabla ya dhoruba haikuachwa, na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaïre, yenye kuwaita mababu waadilifu pamoja na watakatifu. Ngoma yetu iliingia mbele ya altare kwa mlango wa Kanisa, si kwa amri ya Chama.

Kisha walikataa lisilowezekana. Katika Januari 1975 Maaskofu walitoa tangazo juu ya hali ya inchi, na msimamo wao ulijulikana: raia anaweza kumtii mkubwa wa inchi, lakini hawezi kumwita mtu Masiya. Hawakushika silaha wala hawakuwaita watu kwenye fujo. Katekisimu iliyofukuzwa shuleni ilihamia nyumbani na katika jumuiya ndogo za wakristo, ambazo Maaskofu wa Kongo walikuwa wamezichagua tangu 1961 kuwa njia ya uchungaji. Wazazi na walimu wa dini, wengi wao watu wasio na elimu kubwa, waliifanya kazi ambayo shule ilinyimwa.

Mwisho wake ulikuwaje? Baada ya muda mfupi shule zilikuwa zimeharibika, na Serikali yenyewe ikawaomba wenye dini wazichukue tena. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977. Kanisa lingeweza kucheka siku ile. Halikucheka. Lilipokea shule zenye madawati yaliyovunjika na walimu wasiolipwa, kwa sababu waliokaa juu ya madawati yale walikuwa watoto wetu. Hilo nalo ni jibu kwa dhihaka, tena si dogo.

IV. JINA MOJA JUU YA ALTARE

Miaka saba kabla ya amri ile ya majina, mtawa kijana wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka alikuwa ameuawa Isiro, usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964, katika maasi ya Simba. Wazazi wake walimwita Nengapeta, neno la Kibudu linalofundisha kwamba mali hudanganya. Alipoandikishwa shuleni, sista mmoja aliandika kwa kukosea jina la dada yake, Anuarite. Katika utawa aliitwa Marie-Clémentine. Waasi waliwadhihaki masista na kuwanyang'anya rozari na medali. Mkubwa wao mmoja alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Yeye alikataa, na alipopigwa alisema kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analofanya. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa, kwa majina yake yote. Siku ile mabishano ya 1972 yalipata hukumu. Marie-Clémentine na Nengapeta yalikaa pamoja juu ya altare moja, wala moja halikumwonea haya mwenzake. Waliosema kwamba mkristo si mwafrika kamili walijibiwa, na waliodhani kwamba jina la kikabila ni la kipagani walijibiwa pia.

V. KICHEKO TUNACHOSTAHILI

Tungeishia hapa, tungeondoka tumejisifu. Lakini Mudzipela ni sehemu ya Bunia, na Bunia haiwezi kuandika historia ya imani yake bila kutaja miaka ya 1999 hadi 2003. Katika vita ile ya Ituri, mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 50,000 waliokufa. Wengi wa waliouawa walikuwa wabatizwa. Na wengi wa wauaji je? Nao walikuwa wabatizwa. Walikuwa wamekula Ekaristi moja, wameimba katika kwaya moja, wamesimamiana katika ubatizo wa watoto wao. Katika Mei 2003, mji wetu ulipopiganiwa mtaa kwa mtaa, hata nyumba za parokia hazikuwa kimbilio la hakika. Na tangu mwisho wa 2017 damu imemwagika tena katika vijiji vyetu.

Tangu hapo tumesikia dhihaka kali kuliko zote. Watu wanasema: Jumapili wanapeana amani ya Kristu, Jumatatu wanashika panga. Wanauliza ni maji gani yaliyotumiwa katika ubatizo wa Ituri, ikiwa damu ya kabila imebaki nzito kuliko hayo maji.

Hapo Yustino hatusaidii, kwa maana hakuna cha kueleza. Bakanja na Anuarite hawatusaidii kujitetea, kwa maana wao walisamehe, na sisi ndio tunaohitaji kusamehewa. Tukimjibu mtu huyo kwa hasira kwamba anachukia Kanisa, tunaongeza uongo juu ya dhambi. Dhihaka ya namna hii tuipokee kama Mfalme Daudi alivyolipokea neno la nabii Natani: nimekosa. Kisha tufanye yanayofwata neno hilo: kuungama, kurudisha shamba lililochukuliwa, kumtembelea jirani ambaye kabila lake tunaliogopa, kukataa wimbo wa chuki hata ukiimbwa na ndugu wa damu. Kanisa la Ituri halitaaminiwa kwa sababu ya hoja zake. Litaaminiwa siku ambayo mjane wa kabila hili atalala bila hofu katika nyumba ya mkristo wa kabila lile.

VI. KWA VIJANA WETU

Basi, vijana wapendwa, mlituuliza mjibu nini. Mkichekwa, msikimbilie kukasirika wala kunyamaza kwa haya. Ulizeni kwanza: huyu anacheka kwa sababu gani?

Kama hajui, mwelezeni. Anayesema kwamba tunaabudu sanamu, mwonyesheni tunachofanya na sababu yake, kama Yustino. Lakini hamwezi kueleza msichojifunza. Ndiyo maana mlango wa katekisimu haufungwi siku ya Kipaimara. Na yale matusi yanayopelekwa kwa simu kutoka mkono hadi mkono, msiyajibu kwa matusi mengine. Tusi lililopelekwa halirudishwi.

Kama anataka muiname mbele ya mtu, ya fedha, ya kabila au ya chama, kataeni kwa utulivu, na muwe tayari kulipa gharama yake. Lakini pepeteni kwanza, msije mkatupa pamoja na makapi punje ya ukweli aliyoisema.

Na kama anacheka kwa haki, mshukuruni, kisha mtengeneze maisha yenu.

Prefektura ya Ziwa Albert ilianzishwa mwaka 1922, ikawa Vikarieti mwaka 1933, na Jimbo la Bunia mwaka 1959. Katika miaka hiyo yote wakubwa wengi wamepita, wenye bendera mbalimbali, na wengi wao walidhani kwamba wakristo wa sala za asubuhi ni watu wa kuhurumiwa au kuchekwa. Wao wamepita. Kengele ingali inalia, na watoto wangali wanaletwa kubatizwa, wengine kwa jina la Petro, wengine kwa jina la babu, wengine kwa jina la Anuarite.

Mama Maria, Malkia wa Mashahidi, atuombee. Mwenyeheri Isidore Bakanja na Mwenyeheri Anuarite Nengapeta watufundishe kusamehe kabla ya kuombwa. Na Mungu aijalie parokia yetu ya Mudzipela, katika Yubile hii na baadaye, ichekwe kwa ajili ya Injili tu, isichekwe tena kwa ajili ya dhambi zetu. Amina.